Wembe ya Upande Moja

Papa Musafiri amekufa. Habari ilinifikia hapa Kingi siku ya posho, Jumamosi, niko mu shamba ya maharagi, na yule alinipigia telefone alianza kuuliza mvua, akauliza afya, akauliza mbuzi, mpaka nikajua iko na kilio mu kinywa. Huku kwetu kifo haitupwi kwa muntu sawa jiwe, unazunguka nayo kwanza. Nikamwambia, kaka, sema tu, njo akasema. Nikakaa chini pale pale katikati ya mistari ya maharagi, na mukono yangu ikaenda yenyewe ku kidevu. Sifa, muke wangu, mutoto wa ule marehemu, alikuwa anapalilia upande wa chini. Akaniona nimeshika kidevu, akaacha jembe. Hakuuliza ni nani. Papa Musafiri alikuwa mukwe wangu, na kati ya mukwe na mi kulikuwa neno moja tu lenye sikumuulizaka vizuri, na lile neno lilipita juu ya kidevu.

Ya kuzaliwa kwangu na ya wazee wangu nitaacha, wenye wanaijua wanaijua, na wenye hawaijui hawakose usingizi. Nasema mwaka moja tu, ule tuliishi Kibua ku bukwe, kwa wazee wa muke wangu. Watu wengine wanalelewa wakiwa watoto. Mi nililelewa nikiwa na miaka makumi tano na mbili, na meno mbili imeshatoka. Mwaka ule vilima vya juu ya Kingi havikuwa na usingizi, watu walikuwa wanabeba magodoro mu barabara, na Sifa akasema, twende kwa baba, kule pori inaficha watu. Tukaenda. Tulibeba sufuria mbili, godoro moja, na mufuko ya maharagi ya kwetu Masisi, ile ya rangi mbili, juu mi nilikuwa nasema muntu haingie ku bukwe mikono mitupu. Ile mufuko muikumbuke kidogo, itaniletea mambo.

Shida ya kwanza ilikuwa hesabu ya miaka. Sifa ni muke wangu wa pili, wa kwanza Mungu alimuchukua, na huyu nilimuoa nimeshakuwa na mvi. Kwa hiyo mukwe wangu Papa Musafiri alinipita miaka mbili tu. Mbili. Tungeweza kuwa tulicheza mupira pamoja. Lakini bukwe haiangalie miaka. Mu nyumba ya bukwe mwanaume yote iko kijana: unapasua kuni, unakaa ku kiti ya chini, unangoja kuitwa kula, na ukitaka kumuambia mukwe kitu ya nguvu, unaipitisha kwa muke wako hata kama mukwe iko pale mbele yako anakuangalia. Mi nilikubali ile yote. Tulipewa chumba ya pembeni, ukuta wa miti na udongo, na nyuma ya ukuta kulikuwa kuzine, pale wanapikaka. Udongo ulikuwa umeanguka mahali kidogo, na pale mi nilikuwa nasikia sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa, na nilikuwa nasikia watu wakinitwanga.

Kile kilinitwanga kwanza ni ndevu. Papa Musafiri alikuwa muwindaji, muntu mukavu, kimya, na ndevu yake ilikuwa nyeusi sawa matako ya sufuria. Yangu ilikuwa nyeupe mpaka karibu na macho. Siku moja pasta wa upande ingine akapita kusalimia. Akaingia mu barza, akaniona, akashika mukono yangu kwa mikono yake mbili, akainama. «Muzee, Bwana asifiwe.» Kisha akageuka kwa Papa Musafiri, mwenyewe wa nyumba: «Kijana, tafutia muzee kiti ya muzuri.» Mi nilitaka ardhi inimeze. Na Papa Musafiri alisimama, akaleta kiti, akaiweka nyuma yangu, hakusema neno. Ile kimya yake, mi naiogopa mpaka leo. Mangaribi nikasikia mu ukuta sauti ya Mama Nyota, dada yake, mama moja wa mwili kidogo na ulimi murefu, aliyerudi kuishi kwa kaka yake kisha bwana yake kufa.

«Sifa, ule bwana yako ulimutosha wapi? Mu makaburi?»

«Shangazi, acha.»

«Sitaacha. Mukwe anakula heshima ya baba yako kila siku na ile ndevu. Ni ndevu ya nani? Muntu wa miaka makumi tano haiko na ndevu ya hivi. Pengine anatudanganya miaka. Muntu mwenye kudanganya miaka anaweza kudanganya kitu gani ingine?»

Kwa hiyo nikaanza kunyoa. Nilikuwa nanyoa kila siku ya pili, juu mvi inarudi mbio sawa nyasi. Na hapa niseme ukweli wa ngozi yangu. Kidevu yangu iko sawa ile ngozi inakaa juu ya maziwa ya kuchemuka: ukiigusa imekunjama. Wembe ikipita asubuhi, mangaribi vipele vimeamuka, kesho yake viko na usaha, na nywele inarudi ndani ya nyama sawa mujusi mu shimo. Kwetu Kingi kinyozi wa soko anavunja wembe katikati, anashika nusu mu vidole, anakukwangua, na mi nilikuwa naenda kwake mara moja tu kwa mwezi, mbele ya Meza ya Bwana. Kule Kibua nilikuwa najikwangua mwenyewe na wembe nzima, na shingo yangu ikakuwa sawa ngozi ya chura. Watu wakaacha kuniita muzee. Wakaanza kuuliza kama nagonjwa nini.

Furaha, mutoto wangu wa muke wa kwanza, alikuwa anafanya kazi Goma kwa mwenye kuuza dawa. Nilimueleza mu telefone, na kisha wiki mbili muntu wa pikipiki akaleta kifurushi kimefungwa na skochi mingi sawa maiti. Ndani kakopo. Ndani ya kakopo, mashini ya kunyolea, kitu ya chuma, rangi ya kijiko, mukono murefu kiasi ya kidole, kichwa kidogo kimeinama, na uzito wa kufuli. Na pembeni karatasi yenye wembe kumi. Nikafungua moja. Ilikuwa nene, mugongo yake imekunjwa na chuma, na makali ilikuwa ku upande moja. Upande wa pili hakuna kitu. Nikafungua ya pili, vile vile. Nikakaa ku kitanda, nikasema mu moyo: mutoto yangu wamemuibia, wamemuuzia nusu. Nikapanda mpaka pale juu ya kanisa, penye rezo ya telefone inafikaka.

«Furaha, umenitumia wembe za nusu.»

«Papa, haziko nusu. Ziko vile.»

«Nusu ingine iko wapi?»

«Haiko. Ilizaliwa na upande moja. Ni ya kisasa, ni ya watu wa ngozi sawa yako.»

«Watu wa ngozi sawa yangu umewaona wapi? Na ule alikuuzia ni nani? Unamujua mama yake?»

Akacheka mpaka rezo ikakatika. Nikamurudilia. Akanifundisha: maji ya moto kwanza, sabuni mingi, kitambaa ya moto ku uso mpaka ndevu ilegee. Kushuka na ndevu, si kupanda. Usirudie mahali moja mara mingi. Na kubwa kuliko yote: usisukume. «Uzito yake njo inafanya kazi, Papa. We mukono yako ikae kimya.»

Mi si muntu wa kuamini kitu yenye inafanya kazi yenyewe. Niliiweka chini ya kitanda siku tatu, nikawa naiangalia. Nikaijaribu kwanza ku muguu, ikatosha nywele sawa kufuta. Ile ikanipa mashaka zaidi. Kitu yenye haiume inaficha nini? Hata nyuki, mbele ya kukupa asali, anakuonyesha tabia yake. Siku ya ine nikabeba maji nyuma ya kuzine, pale penye migomba, nikaweka kioo ku kigogo, nikasoma zaburi kidogo, na nikaanza. Pasi ya kwanza ku shavu: sikusikia kitu. Nikafikiri haikukata. Nikaangalia mashini, kumbe mvi zangu ziko pale mu povu, zimelala sawa majani ya mahindi kisha mvua ya mawe. Nikateremuka ku shingo, pale penye vita yangu. Mukono nilikuwa naizuia na nguvu isisukume, juu mukono ya mulimaji imezoea kusukuma, inasukuma jembe, inasukuma baiskeli, inasukuma hata mulango yenye iko wazi. Nikamaliza. Nikajimwangia maji ya baridi. Uso ilikuwa uso ya muntu ingine, kijana moja wa kunifanana.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuomba, nikachukua kioo. Sifa akaamuka.

«Unatafuta nini?»

«Vipele.»

«Hakuna vipele.»

«Njo maana natafuta.»

Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu hakuna. Nikaanza kusema pengine vimeingia ndani, vinajikusanya, vitatoka siku moja vyote. Leo ninapofikiri, naona vile tulikuwa wagonjwa wote mu ile nyumba, mi na bakwe zangu: tulizoea ubaya mpaka uzuri ukipita mulangoni tunauliza umetumwa na nani. Wembe ya kwanza ilipolegea, nikaichomeka mu shina ya mugomba nyuma ya kuzine, vile tunafanyaka kwetu, ili miguu ya watu isiikanyage. Nikafungua ya pili. Nilikuwa na furaha kidogo kidogo, ya kujificha.

Mwezi ule njo Papa Kasimba, kaka mukubwa wa Papa Musafiri, alikufa. Alikuwa muntu wa kunipenda, wa masimulizi. Alikuwa amekuja kula kwetu siku ya yenga, kisha kanisa, na Sifa akapika yale maharagi ya Masisi na mafuta ya ngazi, ya mawese, na muzee akakula sahani mbili, akasema, «Mukwe, maharagi yenu inakaa mu tumbo sawa mugeni mwenye hana haraka.» Tukacheka wote. Siku ya tatu tumbo yake ikavimba. Wakamubeba mu tipoyi, kitanda ya kubebea wagonjwa, na akakatika njiani, mbele wamufikishe kwa munganga. Mi nililia, na nililia kweli. Lakini tayari siku ya mazishi, mbele ya sufuria ya makemba, ndizi za kupika, niliona watu wananiachilia nafasi ku benchi. Kwetu mu Kivu, muntu akikufa na tumbo, haulizwe alikuwa na ugonjwa gani. Inaulizwa alikula kwa nani.

Sasa musikie desturi ya ile jamaa, juu bila hiyo hamutaelewa kosa yangu. Siku ya tatu ya kilio, watu wote wa damu na wa bukwe wanakaa ku mikeka, na wananyolewa kichwa. Mwenye kunyoa alikuwa Papa Musafiri, alirithi ile kazi kwa baba yake. Wembe ni moja, mupya, nzima, inaanza kwa mukubwa inamaliza kwa mudogo. Nywele zote zinawekwa mu jani moja ya mugomba. Kisha wembe inavunjwa katikati: nusu moja inaenda na nywele mu muto, nusu ya pili inafungwa na kuchomekwa mu paa ya nyumba ya marehemu, mpaka siku ya kutosha matanga, ya kumaliza kilio. Kule Kibua wembe haivunjwe kwa sababu ingine. Kinyozi wa soko yao ananyoa na wembe nzima. Nusu ya wembe maana yake muntu amekufa. Mi ile sikuijua. Nani angenielezea? Vitu vyenye kila muntu anajua, hakuna mwenye anavisema.

Zamu yangu ikafika. Niliona wembe imepita ku vichwa kumi na tano, imeshika kutu ya damu kidogo kidogo, na nikafikiria ngozi yangu. Nikasema pole pole, mi niko na yangu ya kunyolea, nitajinyoa mwenyewe nyuma ya nyumba, nitaleta nywele. Ku radio walisemaka wembe moja isinyoe watu mingi. Nilisema ukweli, na nikaona ukweli unaanguka mu ule mukeka sawa nyoka.

Mama Nyota akasema, hata sauti hakuinua: «Damu yetu inamuchukiza.»

«Hapana, shangazi, ni ngozi.»

«Ngozi. Sawa.»

Papa Musafiri alinipita, akanyoa mwenye kunifuata. Mi nikajinyoa peke yangu na ile mashini, nikaleta nywele mu mukono, na Mama Nyota akazipokea na jani, hakutaka kunigusa vidole.

Kesho yake asubuhi Mama Nyota akaenda kukata jani ya mugomba ya kufunika bugali, na akakuta mu shina ile wembe nilichomeka. Akaitosha. Akaona upande moja tu. Mi nilikuwa chumbani, nikamusikia mu ukuta anapumua sawa muntu amepanda kilima. Kisha akaingia kwetu bila kubisha, Sifa iko pale anafunga kitenge juu ya tumbo yake, juu alikuwa na mimba ya miezi tano. Akainama chini ya kitanda, akavuta kakopo, akamwanga karatasi na mashini ku godoro. Akahesabu na kidole. Mi na Sifa tulimuangalia tu.

«Nusu,» akasema. «Nusu, nusu, nusu. Hii moja ilikuwa imeshaingia kutu. Ilikuwa mu mugomba mbele Kasimba akufe. Na hizi zinabaki tisa.» Akaangalia Sifa, si mi. «Mu hii lupango, hii nyumba yote, tuko watu ngapi, mutoto yangu?»

Tulikuwa tisa.

Barza ilikaa mbele ya saa sita. Neno lilikuwa fupi. Mugeni wa Masisi alikuja na maharagi, alikuja na nusu za wembe kumi, moja imeshafanya kazi, na siku ya kilio alikataa kuchanganya damu. Arudi kwao leo. Sifa abaki, mutoto azaliwe hapa, aitwe jina la hapa. Mi nilisema nitamuita Furaha mu telefone aeleze. Mama Nyota akasema, «Mutoto ya mulozi atatoa ushuhuda gani?» Nikaangalia Sifa. Alikuwa anaangalia mikono yake. Hapa niseme ukweli wote, hata kama Sifa anasoma hii nyuma ya bega yangu: mi pia nilimushuku. Nilisema mu moyo, huyu muke, kwa nini hasimame? Pengine na yeye anahesabu tisa. Ni vibaya kushukiwa, lakini ubaya wake wa kweli ni vile na we unaanza.

Njo Papa Musafiri akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu asubuhi. «Leteni hiyo kitu. Na maji ya moto.»

Akanikalisha ku kiti ya chini mbele ya watu wote. Ndevu yangu ilikuwa imeota kidogo, ya siku ine za kilio. Akasema: «Mi njo mwenye kunyoa wafu wa hii jamaa. Nitamunyoa mukwe na wembe yake. Wembe ya bulozi ikirudi kwa mwenyewe, inakunywa damu yake. Damu ikitoka, anaenda. Isipotoka, anabaki.» Watu wakakubali, juu walikuwa wameona shingo yangu ya zamani. Hakuna siku nilinyolewa na mukono ya muntu ingine bila damu. Hata mi nilijua, nimekwisha.

Alinipaka sabuni na vidole vyake vyenye kunuka moshi. Akashika mashini sawa kisu ya kuchunia nyama, kidole gumba juu ya mugongo, na aliposhusha ya kwanza ku shavu nikasikia vile anasukuma. Muwindaji anasukuma, bila hiyo ngozi ya mbawala haiachane na nyama. Ngozi yangu ikawaka. Na mi nilikuwa na siri yenye kuniokoa mu kinywa, na kinywa ya mukwe haimufundishe baba wa muke kazi ya mukono yake, mbele ya dada yake na watoto wa kaka yake. Mashini ikafika karibu na shingo. Nikasema bila kutikisa mudomo: «Sifa. Ambia Papa kile chuma kiko na uzito yake. Asiongeze ya mukono.»

Nilifikiri hatasema. Kisha nikasikia sauti yake, wazi, ya mutoto wa nyumba: «Papa, bwana yangu anasema kile chuma kiko na uzito yake. Usiongeze ya mukono.»

Papa Musafiri alisimamisha mukono. Pua yake ilikuwa kiasi ya kiganja moja na yangu. «Ambia bwana yako asimeze mate nikiwa ku shingo.»

«Papa anasema usimeze mate.»

«Nimesikia.»

«Anasema amesikia.»

Muntu moja akacheka nyuma, akanyamaza. Na mukono ikalegea. Nilisikia vile ililegea, sawa muntu anaweka muzigo chini. Ile mashini ikaanza kutembea yenyewe ku shingo yangu, ikashuka, ikashuka, na yule muzee akaanza kuifuata na macho sawa muwindaji anafuata njia ya nyama yenye haijuwe. Alimaliza. Akanifuta na kitambaa nyeupe, akainyoosha mbele ya watu, akaigeuza. Povu na mvi. Hakuna doa.

Nilitaka kulia. Mama Nyota akasimama, akashika ile kitambaa, akaiangalia ku mwangaza ya jua. «Na damu iko wapi?» akauliza. «Ndevu yote hii, ngozi ya huyu muntu tunaijua, na hakuna tone moja? Hata kuku iko na damu. Mumeona muntu mwenye hana damu?» Na niliona vichwa vinaanza kutikisika tena, polepole, vinamukubali. Ikitoka niko mulozi. Isipotoka niko mulozi zaidi. Pale njo niliacha kungoja haki. Nilianza kupanga mu kichwa nani atanibebea godoro.

Papa Musafiri alikuwa bado ameshika mashini. Akakaa ku benchi. Akajipaka sabuni ile ilibaki, ku kidevu chake, mu ile ndevu nyeusi. Akanyoa pasi moja, muzuri, mukono kimya, vile amejifunza sasa hivi ku shingo yangu. Pasi ya pili, muzuri. Ya tatu aliivuta ya pembeni, sawa muntu anakata mukate. Damu ikatoka, ikaanguka ku shati. Watu wote wakasimama. Mama Nyota akaita jina la kaka yake, akashika kichwa.

«Mukae,» akasema. Damu ilikuwa inapita mu povu na hakuifuta. «Ni wembe. Inakata mwenye inamukata. Kama ni ya bulozi, mi njo wa kwanza mu zile tisa, mutanizika mbele ya siku ya yenga. Kama nitakuwa muzima siku ya yenga, hakuna mwenye atarudilia hii maneno mu nyumba yangu. Nyota, umenisikia?»

«Nimesikia, kaka.»

Tulingoja siku tatu. Sijawahi kuangalia muntu vile niliangalia mukwe wangu. Akikohoa, nyumba nzima inanyamaza. Siku ya pili alichelewa kuamuka, na nilisikia mu ukuta Mama Nyota amesimama mu kuzine bila kutwanga, anasikiliza vile mi nasikiliza, wawili tumegawana udongo moja. Nilimuomba Mungu kumulinda mukwe na malaria, na minyoo, na nyoka, na muti yenye kuanguka. Alikunywa kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, alikwenda ku shamba, akarudi. Ku kidevu alikuwa na ile alama, ndefu, ya pembeni. Mi nilikuwa nimenyoa na ile mashini miezi mbili. Najua vile inakata. Kushuka nayo haikukate, hata ukilewa. Kukata vile lazima uivute ya pembeni, na mukono wa yule muzee, mukono wa kuchuna panya bila kutoboa ngozi, haukuwa mukono wa kuteleza.

Siku ya yenga ikafika, na tukarudi kanisani, watu tisa. Saa sita Mama Nyota akaleta bugali, sombe, na sufuria ya yale maharagi yangu, ya mwisho ya mufuko. Akaweka mbele yangu, akanisogezea benchi na muguu, hakuniangalia. Papa Musafiri akachota maharagi wa kwanza, akakula. Mi sikuweza. Nikainama kwa Sifa. «Muulize Papa kama ile siku mukono uliteleza.»

Sifa akaniangalia, kisha akamugeukia. «Papa, bwana yangu anauliza kama ile siku mukono uliteleza.»

Akamaliza kutafuna. Akachota tena, akapanguza kidevu na mugongo ya mukono, pale pale penye alama.

«Ambia bwana yako akule,» akasema. «Maharagi inapoa.»